Kitenzi "salire": asili moja si maana moja

Wengi wanaojifunza Kiitaliano baada ya Kihispania huamini kwamba kitenzi kilichorithiwa kutoka Kilatini hubeba maana ileile katika lugha zote mbili. Dhana hiyo si sahihi. Kitenzi "salire", ambacho kwa Warumi kilimaanisha kuruka, kimebaki na maana hiyo katika Kiromania ("a sări"), lakini Kihispania ("salir") na Kireno ("sair") hukitumia kwa maana ya kutoka, ilhali kwa Mwitaliano "salire" ni kupanda ngazi, mlima au basi. Ndiyo maana mlango wa kutokea, ambao Madrid huandikwa "salida", Roma huandikwa "uscita", neno la ukoo wa "exire", kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutoka, kwani "salita" ya Kiitaliano ni njia ya kupandia mlima. Mabadiliko hayo yanaeleweka, kwa kuwa anayeruka huondoka alipokuwa na papo hapo huinuka, na kila lugha ilishika upande wake. Mtego mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni "subir", ambacho kwa Mhispania ni kupanda, lakini kwa Mfaransa, sawa na "subire" ya Kiitaliano, ni kupatwa na jambo, mara nyingi baya, kama vile hasara au upasuaji.