Mshipa Kwanza, Katheta Baadaye

Mgonjwa anapoletwa kwetu awekewe katheta ya muda mrefu, yaani mrija mwembamba wa dawa unaopitia mshipa wa mkono hadi karibu na moyo, mara nyingi fomu yake imeshataja katheta inayotakiwa: yenye njia mbili za ndani za kupitishia dawa, wakati mwingine tatu. Mimi huanza na mshipa. Kwa ultrasaundi naukagua mkono mzima, kutoka kiwiko hadi kwapani, na kuupima upana wa vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, kabla mkono haujafungwa mpira. Mpira huivimbisha vena, na nikipima wakati huo nitajidanganya.

Kanuni tunayoifuata ni kwamba katheta isizidi asilimia 45 ya kipenyo cha vena. Ukubwa wa katheta huandikwa kwa French, na French 3 ni sawa na milimita 1. Kwa hiyo katheta ya French 4, yenye upana wa takriban milimita 1.3, inataka vena ya milimita 3 au zaidi. Ya French 6 ina milimita 2, na vena yake iwe karibu milimita 4.5. Wapo wanaoona tunatia chumvi, kwa sababu ukipiga hesabu ya eneo, hata katheta inayofikia asilimia hizo 45 huziba sehemu ya tano tu ya uwazi wa mshipa. Lakini damu haiendi kwa mwendo mmoja. Ya katikati hukimbia, ya kandokando hujikokota. Katheta ikikaa katikati huiondoa ile njia ya mbio, na damu iliyobaki husuguana na kuta mbili: ya mshipa na ya katheta yenyewe. Mtiririko hupungua kuliko hesabu ya eneo inavyoonyesha, na damu inayozubaa huganda.

Tangu enzi za daktari Mjerumani Rudolf Virchow, karne ya 19, tunajua kwamba damu huganda mshipani kwa sababu tatu: mwendo wake kupungua, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Katheta huleta mbili za kwanza. Saratani, ambayo ndiyo imewaleta kwetu wagonjwa wengi, huleta ya tatu. Ndiyo maana nabishana kuhusu idadi ya njia. Kila njia inayoongezwa huinenepesha katheta, au huzibana njia zote zilizomo, na ukipunguza nusu kipenyo cha njia, mtiririko hushuka hadi sehemu moja ya 16. Isitoshe, kila njia ina mdomo wake nje, na kila mdomo ni mlango wa vijidudu. Mgonjwa wa dawa moja inayodondoka taratibu hana haja ya njia tatu.

Namna ya kuingia mshipani bado ni ile ya daktari Mswidi Sven-Ivar Seldinger ya mwaka 1953: sindano, waya kupitia sindano, kisha katheta juu ya waya. Kilichobadilika ni macho. Zamani vena ya kiwiko ilichomwa kwa sababu huonekana na kupapasika, ingawa kiungo hujikunja mchana kutwa na kuisugua katheta. Kwa ultrasaundi tunaifikia vena ya basiliki, iliyo upande wa ndani wa mkono, katikati ya mkono wa juu, mahali palipo pakavu na tulivu, mbali na ateri na neva kubwa. Je, kama vena inapata upana wa kutosha karibu na kwapa tu? Kwapa lina unyevu na bandeji haishiki. Hapo nachoma juu, kisha naipitisha katheta chini ya ngozi itokeze sentimita kadhaa chini yake. Mbinu hii naipenda kuliko zote, maana hututenganishia mambo mawili: mshipa unaofaa na ngozi inayofaa.

Inabaki ncha. Mwaka 1929 daktari Mjerumani Werner Forssmann alipojisukumia katheta hadi moyoni mwake, ilimbidi aende chumba cha eksirei kujua imefika wapi. Kwa miongo mingi na sisi tulifanya vivyo hivyo: weka, piga picha, rudi urekebishe. Siku hizi katheta iliyojazwa maji ya chumvi huunganishwa na mashine ya umeme wa moyo, nayo yenyewe ikawa waya wa kipimo. Inavyokaribia moyo, wimbi P, yaani alama ya umeme wa vyumba vya juu vya moyo, hupanda. Linapofika kilele, ncha iko pale vena kava ya juu, mshipa mkubwa unaoingiza damu moyoni, inapokutana na atiria ya kulia, chumba cha juu cha moyo, mahali damu ni nyingi na dawa kali huzimuliwa papo hapo. Ukizidi kusukuma, mwanzo wa wimbi huchimba chini, ishara ya kurudi nyuma kidogo. Mgonjwa ambaye atiria zake zinatetemeka hana wimbi P la kawaida. Huyo bado tunamhakikishia kwa eksirei au ultrasaundi ya moyo.

Kuhusu malighafi nitasema machache. Silikoni ni laini lakini huhitaji ukuta mnene. Poliuretani, aina ya plastiki, ni imara hata ikiwa nyembamba, hulainika kwa joto la mwili, na baadhi huvumilia dawa ya picha za skana kwa mililita 5 kwa sekunde. Zipo pia zilizopakwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, au antibiotiki za minosiklini na rifampini, na zina nafasi yake kwa walio katika hatari kubwa. Ila utafiti wa daktari Mmarekani Peter Pronovost na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006 kutoka wodi za wagonjwa mahututi za Michigan, Marekani, haukutegemea mpako. Walinawa mikono, wakamfunika mgonjwa mwili mzima, wakasafisha ngozi kwa klorheksidini, wakaepuka kinena, na kuzitoa katheta zisizohitajika. Kiwango cha kati cha maambukizi kilishuka kutoka 2.7 kwa siku 1,000 za katheta hadi 0 ndani ya miezi mitatu.

Mwisho natia tone la gundi ya ngozi pale katheta inapotokea. Huzuia damu na kuishika katheta bila nyuzi, ambazo kila moja hutoboa ngozi upya. Kisha naandika kwenye faili kipenyo cha vena, ukubwa wa katheta, na sentimita zilizobaki nje. Muuguzi wa wodi akikuta sentimita hizo zimeongezeka, anajua ncha imehama, naye anasimamisha dawa mpaka tuje kuiangalia.