Kipandikizi cha koo: saa 72 za kulinda damu

Saratani ya koromeo ikishaenea, wakati mwingine daktari wa upasuaji hulazimika kuondoa zoloto, yaani kisanduku cha sauti, pamoja na sehemu kubwa ya koromeo. Pengo linalobaki halishoneki likafunga. Njia mpya ya chakula hujengwa kwa tishu za mgonjwa mwenyewe: ngozi ya paja, ngozi ya mkono karibu na kiganja, au kipande cha utumbo mwembamba. Tishu hiyo, yaani kipandikizi, hutolewa pamoja na ateri inayoiletea damu na veni inayoirudisha, kisha mishipa hiyo, yenye upana wa milimita chache tu, huunganishwa na mishipa ya shingo chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

Donge dogo la damu kwenye maungio hayo linatosha kuua kipandikizi chote, na mengi hutokea ndani ya saa 72 za mwanzo. Kwa hiyo siku ya kwanza muuguzi hukikagua kila saa, usiku na mchana, hata kama mgonjwa amelala. Ndugu wakiona hivyo wasidhani kuna jambo wanafichwa.

Ateri ikiziba, kipandikizi hupauka, hupoa na kulegea, na kikichomwa sindano hakitoi damu. Veni ikiziba, jambo linalotokea mara nyingi zaidi, hugeuka zambarau, huvimba na kukaza, na kikichomwa hutoa damu nyeusi haraka. Maelezo ya rangi katika vitabu vingi, hata hivyo, yameandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi weupe na uzambarau hujificha, na ukibonyeza kwa kidole kuona damu inarudi baada ya muda gani, huenda usione kitu. Kwa wagonjwa wetu naamini zaidi joto, ulaini, rangi ya damu ya sindano na mlio wa kifaa cha Dopla, kinachosikilizia damu ikipita mshipani. Ateri hupiga kwa mapigo; veni huvuma mfululizo kama upepo. Daktari huweka alama mahali pa kusikilizia, maana shingoni ni rahisi kunasa mlio wa ateri kubwa ya jirani ukadhani ni wa kipandikizi. Zamu zikibadilishana, wauguzi wawili wakikague pamoja. Maandishi ya faili pekee hayatoshi.

Ugumu wa koo ni kwamba kipandikizi kimefukiwa ndani. Njia mojawapo ni kuacha kipande kidogo nje ya ngozi ya shingo, kikilishwa na mishipa ileile, kiwe shahidi wa kilichofichika. Kikiwa cha utumbo, kinapaswa kuwa chekundu na chenye unyevu, na huonekana kikijikunja. Hatari ikishapita hukatwa. Vituo vingine huzungushia mshipa kihisio cha Dopla chenye waya mwembamba unaotoka nje, au huchungulia kwa kamera kupitia puani.

Dalili zikitokea, mgonjwa arudi chumba cha upasuaji saa hiyohiyo; kusubiri mapambazuko ni kukipoteza. Utumbo hasa hauvumilii kukosa damu kwa saa nyingi, na tishu ikichelewa sana, mishipa yake midogo huvimba ikagoma kupitisha damu hata mikubwa ikifunguliwa. Kipandikizi kikifa, mate huvuja ndani ya shingo na yanaweza kuozesha kuta za ateri inayopeleka damu kwenye ubongo.

Ndugu mna kazi hapa. Kichwa cha mgonjwa kikae katikati, kisipindwe. Kamba ya mrija wa kupumulia isikaze shingo, kwani hubana veni. Mfunikeni asipate baridi, na sigara isimkaribie kabisa. Hawezi kuita kwa sauti, basi awe na kengele, kalamu na karatasi mkononi. Shingo ikivimba ghafla, chupa inayokusanya damu ya kidonda ikijaa upesi au kidonda kikitoa mate, mwiteni muuguzi papo hapo. Mkiona mashaka tu, mwiteni pia.

Maji ya kunywa, hata funda moja, asipewe. Chakula hupita kwenye mpira hadi kipimo cha kumeza kionyeshe hakuna panapovuja, mara nyingi baada ya wiki 1 hadi 2. Aliyewahi kupigwa mionzi shingoni huhitaji kusubiri zaidi, kwa kuwa tishu zake hupona polepole.