Mwandishi wa Kigoma na Chama Chake cha Wafanyakazi

Waandishi wengi wa habari mkoani Kigoma ni wanachama wa klabu ya waandishi ya mkoa, na kwa sababu hiyo wapo wanaoamini kwamba tayari wanacho chombo cha kuwatetea kazini. Klabu, ambazo kitaifa zimeunganishwa chini ya UTPC, yaani Umoja wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania, zina kazi yake katika mafunzo na usalama wa wanahabari, lakini haziwezi kuketi na mwajiri na kutia saini mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kuhusu mishahara na masharti ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, imeiweka nafasi hiyo mikononi mwa chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa, ambacho zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi husika ni wanachama wake.

Chama cha namna hiyo huanzishwa na wafanyakazi wasiopungua 20, wakajitungia katiba, kisha wakaomba usajili kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi na Waajiri ndani ya miezi 6. Katiba hueleza nani anastahili uanachama, viongozi huchaguliwa na kuondolewaje, na fedha hutunzwaje. Hesabu zake ni lazima zikaguliwe kila mwaka.

Kwenye karatasi, mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho, kamati tendaji huongoza kati ya mkutano mmoja na mwingine, na katibu mkuu husimamia shughuli za kila siku. Kwa maoni yangu, hata hivyo, uhai wa chama hupimwa tawini. Sheria inaruhusu mwakilishi 1 pale penye wanachama 1 hadi 9, na wawakilishi 3 pale penye 10 hadi 20, kwa hiyo hata redio ndogo ya Kasulu yenye wanachama sita ina haki ya kuwa na mtu wa kuwasemea mbele ya meneja. Uingereza, ambako chama cha taifa cha waandishi kilianzishwa mwaka 1907, tawi la chumba cha habari mpaka leo huitwa kwa neno lenye maana ya kanisa dogo, jina lililorithiwa kutoka kwa wapiga chapa, na kiongozi wake huitwa baba au mama wa kanisa.

Ugumu wa Kigoma uko kwa makorespondenti. Mwandishi anayeshinda mwaloni Kibirizi akifuatilia bei ya dagaa, akalipwa kwa kila habari iliyotoka na nauli akaitoa mfukoni mwake, mara nyingi huambiwa kwamba yeye si mfanyakazi, na yeye mwenyewe hukubali. Asikubali upesi hivyo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, iwapo lipo walau jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa: kwa mfano, anafanya kazi kwa maelekezo ya mwingine, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, au anamtegemea kiuchumi. Korespondenti anayepangiwa habari na mhariri kila asubuhi, na asiye na chombo kingine kinachomlipa, ana hoja nzito.

Linabaki suala la ada. Kwa mwenye mshahara, mwajiri hukata ada baada ya mfanyakazi kuridhia kwa maandishi, kisha huiwasilisha kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Korespondenti hana mshahara wa kukatwa, hivyo katiba isiyoweka njia ya kulipa moja kwa moja, tuseme kwa simu na kwa viwango vinavyolingana na kipato kisichotabirika, itamwacha akidaiwa miezi mitatu, na siku ya uchaguzi wa tawi ataambiwa kwamba hana kura.