Kadoya, nyumba ya kwanza ya sanaa kijijini Honmura

Ikitajwa Naoshima, kisiwa kidogo cha Japani katika Bahari ya Ndani ya Seto, wengi hukimbilia majengo ya zege ya msanifu majengo Tadao Ando. Mimi huanzia kijijini Honmura, kwenye Kadoya. Ni nyumba ya miaka kama 200, na mwaka 1998 ikawa ya kwanza pale kijijini kugeuzwa kazi ya sanaa.

Kwa nje imerudishiwa vilevile ilivyokuwa: vigae, lipu ya chokaa na mbao za mwerezi zilizochomwa. Mbao hizo zina ufundi wake. Fundi hufunga mbao tatu pamoja ziwe dohani ya pembetatu, huzisimamisha, kisha huwasha moto chini. Moto hujivuta wenyewe kwenda juu. Baada ya dakika chache kamba hukatwa na mbao humwagiwa maji, zikabaki na gamba la mkaa la milimita chache linalokinga mvua na wadudu. Akiwahi kuzifungua, atapata masizi tu. Akichelewa, ubao umeliwa na moto na unapinda. Chokaa nayo huchanganywa na nyuzi na gundi ya mwani uliochemshwa, ili isikauke haraka ikapasuka. (Wasomaji wa Unguja, mnacheka? Chokaa na mwani!)

Ndani mna giza na kidimbwi. Msanii Tatsuo Miyajima aliweka majini tarakimu 125 za taa za LED. Kila moja huhesabu kati ya 1 na 9, na sifuri haionyeshwi kabisa. Kasi hakuipanga yeye: wakazi 125, wa miaka 5 hadi 95, kila mmoja aliamua ya kwake. Kwangu hapo ndipo mradi wa sanaa wa kisiwani ulipopata mizizi, kuliko kwenye zege lote la kule mlimani. Mwenye tarakimu yake mle ndani haiiti nyumba ile mali ya wageni.

Pwani hesabu ni nyingine. Boga la manjano, sanamu ya msanii Yayoi Kusama, lililowekwa kwenye ncha ya gati mwaka 1994, huondolewa tufani ikikaribia. Agosti 2021 halikuwahiwa. Mawimbi yakaling'oa na kulivunja. Lililorudishwa Oktoba 2022 lina ganda nene zaidi, na ndoano ya kuliinulia imeimarishwa.