Kushirikishana takwimu za vitabu huria si kujumlisha namba

Kushirikishana takwimu za matumizi ni pale wachapishaji, maktaba na majukwaa wanapopeana ripoti za mara ngapi kitabu cha ufikiaji huria (kinachosomwa mtandaoni bila malipo) kimefunguliwa au kupakuliwa kwao. Leseni huria inaruhusu kitabu kimoja kukaa kwenye majukwaa ya vitabu kama OAPEN na JSTOR, na kwenye tovuti ya mchapishaji, kwa wakati mmoja, na kila mmoja huona matumizi ya kwake tu. Hiyo ndiyo maana yake.

Tatizo ni wanaozipokea ripoti hizo, wakazijumlisha na kutangaza "wasomaji 9,000". Chukua mtu mmoja anayetaka sura 10 za kitabu. Jukwaa linalotoa sura moja moja litahesabu 10. Linalotoa kitabu kizima kwa faili moja, likahesabu faili, litaandika 1. Msomaji yuleyule, kitabu kilekile. Ndiyo sababu kanuni za COUNTER, Toleo la 5, zinazoelekeza jinsi ya kuhesabu matumizi ya machapisho ya mtandaoni, zina kipimo cha Unique_Title_Requests: hata ukipakua sura zote 10 katika kikao kimoja, kitabu kinahesabiwa mara 1. Kanuni hizo pia huondoa roboti, na mibofyo miwili ya mtu mmoja kwenye faili ileile ndani ya sekunde 30 huwa mmoja. Jukwaa lisilozifuata linaleta namba kubwa zaidi, na ukubwa huo hausemi lolote kuhusu kitabu.

Hata vipimo vikilingana, aliyefungua kitabu OAPEN asubuhi na JSTOR jioni amehesabiwa mara 2, na ripoti hazina namna ya kumtambua. Wala haifai kutumiana kumbukumbu ghafi za seva ili kumsaka: anwani ya IP iliyomo, yaani namba ya kifaa mtandaoni, inalindwa kama taarifa binafsi chini ya GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi. Ripoti ya mwezi, kwa kitabu na kwa nchi, inatosha.

Kosa lingine liko kwenye vitambulisho. PDF, EPUB na nakala ya karatasi kila moja ina ISBN yake, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Ukioanisha ripoti kwa ISBN moja, matumizi ya EPUB yanapotea kimyakimya. Tengeneza kwanza jedwali linalofunga ISBN zote kwenye DOI ya kitabu (kitambulisho chake cha kudumu mtandaoni), na DOI za sura zifungwe humohumo.

Kwa hiyo, badala ya "wasomaji", andika "maombi", na kando ya kila namba utaje jukwaa, mwezi na kipimo. Namba za vipimo tofauti zikae kwenye safu zake.