Kutembea nyikani peke yako: simba anasingiziwa

Mwambie mama mzazi kwamba unakwenda kulala porini siku nne, peke yako, na shanta mgongoni. Swali la kwanza litakuwa la simba, la pili la majambazi, la tatu kama umegombana na mtu. Hakuna atakayeuliza kama soksi za kulalia umezifunga kwenye plastiki, na roho ya mtu mara nyingi iko hapo kwenye soksi.

"Mlima ni wa Mungu, napanda nitakavyo." Hapana. Kilimanjaro haupandwi bila mwongozaji tangu 1991. Mlima Kenya, lango halimpitishi mtu mmoja asiye na mwongozaji wala mpagazi. Anayetaka kuwa peke yake kweli huelekea vilima vya Cherangani nchini Kenya au njia za miguu za milima ya Usambara nchini Tanzania, na huko pia misitu ya hifadhi kama Magamba ina vibali vyake.

"Wanyama watakumaliza." Kwenye misitu ya milimani, wa kuogopwa ni nyati na tembo, na wote wawili huwa wabaya wanaposhtukizwa. Kwa hiyo toa vifaa vya masikioni, ongea kwa sauti kwenye kona na kwenye mianzi, tembea kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Ukikuta kinyesi kinachofuka mvuke, simama usikilize kabla ya kuendelea. Hema lisisimikwe juu ya njia ya wanyama wala kando ya maji wanakonywea.

Nyoka wa kumjua ni bafe. Hakimbii, hulala njiani na kuuma anapokanyagwa, ndiyo maana buti na tochi vinakinga zaidi ya dawa yoyote. Akikuuma, vua pete na saa, funga gango (kijiti cha kuushikilia mguu) usicheze, omba msaada. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba.

"Afrika hakuna baridi ya kuua." Hii ndiyo dhana inayogharimu.

Joto hupungua takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukiacha mji wa Naro Moru ukiwa na nyuzi 24 mchana, kambi ya Mackinder ya Mlima Kenya iliyo mita 4,200 itakuwa na nyuzi 10 hivi, upepo haujahesabiwa. Usiku maji huganda kwenye chupa. Cherangani nako vilele vinazidi mita 3,300. Lakini kinachomwangusha mtu zaidi si barafu ya usiku, ni mvua ya saa nane mchana ikimkuta na jinzi na fulana ya pamba. Pamba ikilowa hung'ang'ania maji na kunyonya joto la mwili. Sufu na poliesta unazikamua, unavaa, zinaendelea kukukinga.

Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, akili nayo hulegea. Mwenzako angeona unavyojikwaa na kutafuna maneno. Ukiwa peke yako, kipimo chako ni zipu ya koti: vidole vikishindwa mara mbili kuiunganisha, safari ya leo imeishia hapo, hata kama kambi imebaki nusu saa. Simika hema, vua kila kilicholowa, vaa kikavu, ingia kwenye mfuko wa kulalia, kula kitu chenye sukari. Kisha chemsha maji, jaza chupa, ivike soksi na uiweke kwapani au katikati ya mapaja. Jiko lisiwashwe ndani ya hema lililofungwa, maana kaboni monoksidi haina harufu. Na kutetemeka kukikoma ilhali bado umepoa, hiyo si nafuu, ni hatua mbaya zaidi.

Nguo za kulalia hukaa ndani ya mifuko miwili ya plastiki na hazivaliwi mchana kamwe. Watu hukosea asubuhi ya pili: za jana bado mbichi, mtu anavaa zile kavu, mvua inarudi saa nne, jioni hana kitu. Vaa zile mbichi. Dakika kumi za kwanza ni mateso, halafu mwili unazipasha moto.

"Mwenye mazoezi hapatwi na ugonjwa wa mwinuko." Mazoezi hayakingi; humfikisha mtu juu haraka kuliko damu yake inavyozoea. Kanuni inasema ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila siku tatu au nne upumzike. Sasa piga hesabu ya Mlima Kenya: kambi ya Met Station mita 3,050, Mackinder mita 4,200. Ni mita 1,150 kwa siku moja, na ndiyo ratiba ya wikiendi ya watu wengi. Kwa njia ya Sirimon ya mlima huo huo, kambi ya Old Moses hadi ya Shipton ni mita 900. Lala usiku wa ziada kambi ya chini.

Ugonjwa huo ukizidi huvimbisha ubongo, na ubongo unaovimba hauwezi kujipima, kwa hiyo uamuzi wa kushuka uandikwe kwenye karatasi kabla ya kuondoka nyumbani. Kila jioni piga hatua kumi kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Ukiyumba, au ukikosa pumzi hali umekaa tu, unashuka saa hiyo hiyo, hata usiku. Hakuna kungoja asubuhi.

"Nina simu." GPS ya simu hufanya kazi bila mtandao, ila ramani lazima uwe umeipakua kabla. Izime data, ilaze ndani ya mfuko wa kulalia, kwani baridi hula betri. Ujumbe mfupi hupita mahali ambapo kupiga kunashindikana, hasa ukisimama mgongoni mwa kilima. Simu ikizima, filimbi: milio sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Na kuna mtu mmoja nyumbani mwenye ratiba yako yenye kambi, njia, na saa kamili ya kuanza kukutafuta. "Nitarudi Jumapili" haitoshi. "Nisiposikika hadi Jumapili saa kumi na mbili jioni, piga namba hii" inatosha.

"Nyika ni tupu." Wapi. Usambara hupiti saa mbili bila kukutana na mchungaji, mkata kuni au mrina asali. Piga hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji, shikamoo kwanza, kisha omba mahali pa kulala. Utaonyeshwa pazuri, utaambiwa mto gani umefurika, na tayari yuko mtu anayejua ulipita lini ukielekea wapi.

"Ukiwa peke yako unapumzika." Mzigo hauna wa kugawana naye. Hema kilo 1.5, mfuko wa kulalia 1.3, mkeka 0.5, jiko na gesi 0.8, nguo 2, maji 2, chakula cha siku nne 3.2, dawa na vikorokoro 1. Jumla kilo 12.3, mtu wa kilo 65 asizidishe 13. Raha ipo, lakini ni ya mwendo wako na uamuzi wako. Ijaribu kwanza kwa usiku mmoja, kilomita mbili tu kutoka barabarani.

Na usiku huo huo, kwenye msitu wa milimani, utasikia kitu kikikwaruza kama mlango mbovu, kisha kikipanda hadi kuwa ukelele wa mtu anayekabwa. Watu wamewahi kukunja hema kwa sauti hiyo. Ni perere, mnyama mdogo wa mitini. Ana kilo tatu hivi, na anakula majani.