Kabla hujamkabidhi fundi wa TEHAMA funguo: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kampuni kubwa ya TEHAMA yenye wateja wengi ni salama kuliko ndogo.

Ukweli: Wateja wengi ndio chambo chenyewe. Ijumaa ya tarehe 2 Julai 2021, Wamarekani wakijiandaa kwa sikukuu ya uhuru, wadukuzi wa kundi la REvil walipenya kupitia programu ya Kaseya, ambayo mafundi huitumia kusimamia kompyuta za wateja wakiwa mbali. Kampuni za huduma zilizoguswa moja kwa moja hazikufika 60, lakini biashara zilizofungiwa mafaili na kudaiwa fidia zilikadiriwa kufika 1,500. Huko Sweden, maduka ya Coop yapatayo 800 yalifungwa kwa sababu mashine za malipo ziligoma. Na Coop wala haikuwa mteja wa Kaseya! Aliyeitumia programu hiyo ni mtoa huduma wa mashine zile.

Kwa hiyo mimi nikilinganisha wazabuni, siulizi kwanza wana wafanyakazi wangapi. Nauliza watashika funguo zipi, na wao wenyewe wanamtegemea nani. Aliyekutengenezea tovuti na anayeingia kwenye seva ya mishahara saa nane za usiku hawapimwi kwa mizani moja.

Dhana: Wana cheti cha ISO 27001, kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, tumemaliza.

Ukweli: Cheti kina mipaka ya kinachohusu, nayo imeandikwa humo humo. Kinaweza kuhusu kituo kimoja cha data, na timu itakayokuhudumia iko ofisi nyingine kabisa. Isome mipaka hiyo kabla ya kusoma bei.

Dhana: Alama za usalama ambazo kampuni hupewa mtandaoni zinatosha kumpanga nani wa kwanza, nani wa mwisho.

Ukweli: Nyingi hupatikana kwa kuchungulia kampuni kutoka nje, sawa na kukagua nyumba ukiwa getini. Zinafaa kuanzia, basi. Niliwahi kumwomba fundi wa kampuni moja anionyeshe anavyoingia kwenye seva yetu. Akafungua jedwali la Excel: majina ya wateja kushoto, nywila kulia. Ya kwetu ilikuwa mstari wa 14, na ya jirani zetu wa ghorofa ya juu niliisoma bila kutaka. Alama gani ingeliona hilo?

Dhana: Data ikivuja mikononi mwao, kesi ni yao.

Ukweli: Mwenye data ni wewe, na mdhibiti atakuuliza wewe. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 tangu ujue data imevuja ili umjulishe Kamishna wa Data. Mchakataji wako, yaani kampuni inayoshughulikia data kwa niaba yako, naye anatakiwa akwambie ndani ya saa 48 inapowezekana. Sasa fungua mikataba miwili unayoilinganisha, utafute kipengele hicho. Wa kwanza niliousoma mwezi uliopita uliandika "kwa wakati unaofaa". Wa pili, "siku 10 za kazi".